Integrali mwaka wa kwanza: watu wanakamatwa na hesabu za fomu tu (kidato cha pili)

Mzee wa Limiti

Wakuu kwema?

Naona kwenye magrupu madogo wa mwaka wa kwanza wameanza kulia, test ya kalkulasi imerudi na maksi zake ni za kutia huruma, kila mtu anasema lekchara ana roho mbaya. Mimi naendesha semina za hilo somo, chuo sitaji, na zile skripti ndo huwa napewa nisahihishe, kwa hiyo ngoja niseme tunachokutana nacho sisi wenye kalamu nyekundu.

Kwanza tusidanganyane kwamba integresheni ni kitu kigeni. Aliyepita PCM au EGM, zile kombi zenye hesabu nzito, kaikuta kwenye hesabu ya Advansi fomu faivu, wa PCB na CBG wameionja kwenye BAM, ile hesabu nyepesi yao. Shida ni kwamba sekondari zoezi linakuja na kichwa chake juu, limeandikwa tumia sabstitusheni, unatumia sabstitusheni, unapata vema zote, unajiona kipanga. Chuo pepa inakuja na integrali sita zimepangwa pale kimya, hamna aliyekuambia hii inafunguliwa na nini. Na dakika zinaenda.

Difrensiesheni ina sheria zake, ya prodakti, ya kwoshenti, ya cheni, ukizishika hizo hamna fankisheni ya kwenye pepa itakayokugomea, ni kazi ya mkono tu. Kwenye integresheni unarudi kinyumenyume, umepewa difrensho unatafuta fankisheni iliyoizaa. Kukoroga sukari kwenye chai hata mtoto anaweza, sasa mwambie aitoe. Tena kuna nyingine hazitoki kabisa kwa fankisheni tulizozoea, ile ∫ e^(−x²) dx ukikesha nayo mpaka asubuhi unajichosha bure, Mfaransa Liouville miaka ya 1830 ndo aliyeweka njia ya kuthibitisha kwamba haiwezekani. Na cha kuchekesha ukiichukua kuanzia −∞ hadi ∞ inakupa √π safi kabisa.

Sasa skripti. Kulikuwa na ∫ dx/√(x²+9), swali la kugawia watu maksi. Mtu kaandika √(x²+9) = x+3, akaendelea, ikawa ∫ dx/(x+3), akamaliza na ln|x+3| + C, hata C, ile namba isiyobadilika ya mwisho, hakusahau. Integresheni yake haina kosa! Kilichomuua ni ile hatua ya kwanza ambayo ni hesabu ya fomu tu. Weka x = 4 uone, √25 ni 5, yeye anasema 7. Na siyo mmoja jamani, ni rundo. Mwingine kavunja 1/(x²+4x) ikawa 1/x² + 1/4x. Mwingine kafika mahali panataka kugawanya polinomia kwa njia ndefu, kaacha nafasi, kahamia swali lingine.

Kosa la kalkulasi yenyewe ninaloliona sana ni la limiti, zile namba mbili za kuanzia na kuishia. Chukua ∫ 2x(x²+1)³ dx kutoka 0 hadi 2. Unaweka u = x²+1, du = 2x dx, inabaki ∫ u³ du, mpaka hapo darasa zima lipo. Alafu mtu anaandika u⁴/4 na kuingiza 0 na 2 zilezile za x, anapata 4. Wakati x ikiwa 0 u ni 1, na x ikiwa 2 u ni 5, kwa hiyo ni (625 − 1)/4 = 156. Hata kwa macho tu bila kalkuleta, hiyo fankisheni ikifika x = 2 imepanda mpaka 500, eneo la chini yake, ambalo ndo integrali yenyewe, litakuwaje 4? Mtu anapigia mstari jibu kwa rula anaondoka.

Ushauri wangu ukishapata ratiba ya semista rudi kwenye aljebra na trigo ya zamani mapema kabla lekchara hajashika kasi, komplitingi skwea, kugawanya polinomia, fakta, sin² + cos² = 1 na wajukuu zake wote. Na desa, zile notsi za kunakili zenye majibu, weka mbali. Ukisoma swali ambalo mtu kashalisovu kila mstari unaeleweka, unatikisa kichwa, alafu ukipewa karatasi nyeupe huna pa kuanzia.

Naomba kuwasilisha.

Kipanga Mstaafu

Mkuu umeongea ukweli ila umeukalia upande mmoja. Niambie, wanafunzi mia kadhaa kwenye ukumbi mmoja, wa nyuma hawaoni ubao, maiki inakwaruza, lekchara anapitisha slaidi kama anakimbizwa, ametoka sabstitusheni ameingia bai patsi ametoka ameingia paasho fraksheni, njia tatu kwa mkupuo, saa mbili zimeisha. Semina ndo zingeokoa jahazi ila sisi kipindi chetu wa semina alikuwa anakuja anasovu maswali mawili ubaoni kimyakimya katugeuzia mgongo, akimaliza anauliza mmeelewa, watu ndiooo, anaondoka. Hapo nani kafelisha nani?

Halafu hao wa aljebra mbovu wametoka shule ambazo mwalimu wa hesabu ni mmoja kidato cha kwanza mpaka cha nne. Msiwacheke.

Mzee wa Limiti

@Kipanga Mstaafu sijacheka mtu, na la semina nakubaliana na wewe asilimia zote. Ndo maana siku hizi nikiingia sisovu, nampa chaki mwanafunzi. Wananichukia mwezi wa kwanza wote. Ila mkuu ukumbi kujaa ni jambo ambalo wewe wa mwaka wa kwanza huwezi kulibadilisha kabla ya UE, mtihani wa mwisho wa semista, hiyo √(x²+9) unaweza kuinyoosha leo usiku.

Boda Digrii

Mimi nina digrii, nipo mtaani muda sasa, sijawahi kukutana na mteja kaniambia kijana nisaidie integrali hapa. Hizi ni njama za kupunguza watu tu chuoni wabaki wachache. Uzi uendelee, nimekaa paleee na karanga.

Dada Sigma

Boda Digrii umeanza 😂😂

Kwa wadogo zangu, mimi hili somo nililipasua na wala sikuwa kichwa, niliingia na D ya Advansi. Tulikuwa tunakaa kikundi cha watu watano kantini baada ya msosi, mmoja ana karatasi ya pasti pepa, anasoma integrali moja, wengine mnasema NJIA tu, hamna kusovu. Anasema x ln x, mnajibu patsi. Anasema x over x² + 1, kuna mmoja atakurupuka paasho fraksheni, mnamzomea, hiyo ni sabstitusheni ya kawaida, juu ni nusu ya difrensho ya chini, inatoka ½ ln(x²+1). Anasema moja over x² + 1, hapo ni arctan moja kwa moja. Moja over x² − 1, HAPO ndo unavunja, inakuja ½ ln|(x−1)/(x+1)|. Angalieni hizo tatu za mwisho zinavyofanana kwa sura, tofauti ni alama moja tu au x moja juu, na kila moja ina mlango wake. Mtu aliyezoea kusoma desa anaziona ni kitu kimoja.

Nusu saa mnapitia maswali mengi sana, alafu kila mtu anaondoka na mawili ya kwenda kusovu mwenyewe mpaka mwisho. Mwenye kusema njia haraka ndo mwenye UE yake.

Na ile e^x sin x inayozunguka, unafanya patsi mara mbili inarudi ilipoanzia, watu wanafuta wanadhani wamekosea. Usifute! Ikirudi iite I, ihamishie upande wa pili, unapata 2I, gawa kwa mbili, e^x(sin x − cos x)/2 + C, umemaliza. Ile swali niliipenda mpaka basi.

Niaje Calculus254

Wasee huku Kenya sisi wa 8-4-4 hii kitu tulianza nayo fomu foo, KCSE pepa ya pili mara mingi kulikuwa na ile swali ya kukadiria eria, trapezium rule na mid-ordinate, unagawa stripi unajumlisha, kisha unaintegrate upate ile kamili ucheki makosa ni asilimia ngapi. Nikafika kampasi nikiwa najiskia. Lec akaanza na jumla za Riemann, watu wakashtuka, mimi nikaona hizi si ni zile stripi zangu tu zikifanywa nyembamba mpaka basi. Hiyo wiki ndio niliskia niko nyumbani, baada ya hapo tukaingia trigo sabstitusheni na nikakaa kimya semista yote. CAT ya kwanza, ile test ya katikati ya semista, nilipata kitu siwezi andika hapa.

Kwa hivyo nakubaliana na mwenye uzi. Hakuna mahali nilianguka juu ya integresheni yenyewe, nilianguka juu sikuwa najua sin²x ni (1 − cos 2x)/2 bila kuangalia table.

Fundi wa Sheli

@Boda Digrii kaka mimi nipo sheli, na integrali nakutana nayo kila asubuhi ila imeshageuzwa kuwa chati.

Tenki la mafuta limelala chini ya ardhi, ni silinda imelazwa ubavu. Tunazamisha dipstiki, inatoka imelowa mpaka sentimita fulani, tunaenda kwenye chati ya tenki hilo inatuambia ni lita ngapi. Sasa kuna msimamizi alikuja mpya hataki chati, anapiga hesabu kichwani. Tenki la lita 10,000, kipenyo mita 2, dipu imesoma sentimita 50, yeye anasema robo ya kimo basi robo ya mafuta, lita 2,500. Chati inasema 1,955 hivi. Akaanza kutuangalia kama wezi, lita mia tano na ushee zimeenda wapi!! Ilibidi tumuite wa ofisi aje amweleze. Dipu ikisoma 100 ndo nusu kamili 5,000, ikisoma 50 siyo robo kwa sababu huku chini tenki ni jembamba, linapanuka kadiri unavyopanda katikati.

Mimi hiyo hesabu yenyewe siijui inavyofanywa ila najua ilinusuru kibarua changu.

Mzee wa Limiti

@Fundi wa Sheli mkuu umenipa swali la semina ya wiki ijayo, asante sana.

Wakuu inafanywa hivi. Kata tenki, tazama ule mduara wa mbele, nusu kipenyo ni mita 1. Kwenye kimo y ukipima kutoka katikati, upana wa mafuta ni 2√(1−y²). Jumlisha huo upana kuanzia chini kabisa y = −1 mpaka y = −0.5, maana sentimita 50 kutoka chini ndo hapo. Ni ∫ 2√(1−y²) dy, unaweka y = sin θ, mzizi unageuka cos θ, unabaki na 2cos²θ, unatumia ile ya cos 2θ anayoililia jamaa wa Kenya, na limiti zako UNAZIBADILISHA zinakuwa −π/2 na −π/6. Inatoka π/3 − √3/4, karibu 0.614. Mduara mzima ni π. Gawa, unapata 19.5% na kidogo. Zidisha kwa lita 10,000, chati ya sheli imesema kweli, hapo tukichukulia mbele na nyuma ya tenki ni bapa.

Sapu Haikwepeki

Wakuu samahani nipo mwaka wa kwanza, hii imenikalia kooni tangu juzi: ∫ dx/(x² + 4x + 13). Nimejaribu kuifakta haifaktiki, nimejaribu u = x² + 4x + 13 inabaki 2x + 4 sina pa kuipeleka. Msaada kabla ya test ya pili.

Dada Sigma

@Sapu Haikwepeki mdogo wangu umefanya vizuri kujaribu kufakta kwanza. Haifaktiki kwa sababu 16 − 52 ni hasi, ukiona hasi jua arctan inakaribia. Komplitingi skwea: nusu ya 4 ni 2, kwa hiyo (x+2)² = x² + 4x + 4, imebaki 9. Chini inakuwa (x+2)² + 3². Sasa weka u = x+2, du ni dx hamna cha kubadilisha zaidi, ni ile ya kwenye table, jibu ⅓ arctan((x+2)/3) + C.

Ukipewa ileile lakini juu kuna x, usiogope, andika x kama ½(2x+4) − 2, kipande cha kwanza kinakupa ln, cha pili ndo hiki ulichosovu sasa hivi. Jaribu alafu ulete hapa.

Mzee wa Limiti

Mmeona? Fomu tu tena hiyo. Sisemi kitu.

Mbeba Boksi Ohio

Nawasalimu kutoka kwenye baridi. Huku Marekani hii kozi inaitwa Kalkulasi II na ina sifa mbaya nchi nzima, wenyewe waliozaliwa hapa wanaiogopa. Niliichukua komyuniti koleji, madarasa ya jioni, mchana nipo weahausi napanga maboksi. Ndani yake kuna njia za integresheni, volyumu za vitu vilivyozungushwa, urefu wa mikunjo, integrali zinazoenda infiniti, alafu ukishachoka kabisa ndo wanakuletea siriizi na Taylor, hapo darasa limeshapungua nusu.

Profesa wetu mzee mmoja, siku ya kwanza kabla hajaita majina, alisema kalkulasi wataielewa wote, wengi wataangushwa na aljebra. Nilivyosoma huu uzi nikacheka, kumbe ni duniani kote.

Nilichokipenda huku ni masaa ya ofisi. Profesa anakaa ofisini muda alioutangaza, mlango wazi, unaingia na swali lako hata la kijinga. Wamarekani vijana walikuwa hawaendi, nilikuwa nakutana na Wasomali na Wanepali na mama mmoja Mkongo tunapiga naye Kiswahili kwenye korido tukisubiri zamu. Kule nyumbani nilikuwa naogopa kugonga mlango wa lekchara kama naenda polisi.

Kisichofurahisha ni homuweki za kwenye kompyuta. Unafanya ukurasa mzima, unaingiza jibu, mashine inakuambia siyo, kumbe umesahau mabano.

Mtu wa Kigamboni

Sasa nyie mnahangaika nini wakati kuna Photomath na ChatGPT, unapiga picha swali linatoka na hatua zote. Dunia imeenda, tuache ukale.

Sapu Haikwepeki

@Dada Sigma dada imekubali, ½ ln(x² + 4x + 13) − ⅔ arctan((x+2)/3) + C. Nimeidifrenshieti ikarudi palepale!!! Mungu akupe maisha.

@Mtu wa Kigamboni hata mimi natumia ila juzi imenichanganya, ∫ sin x cos x dx mimi nimepata sin²x/2 + C, programu inasema −cos²x/2 + C, makingi skimu ya pasti pepa inasema −¼ cos 2x + C. Nani muongo hapo?

Mzee wa Limiti

@Sapu Haikwepeki hamna muongo, na hili swali lako ni zuri kuliko mengi ninayoulizwa. Chukua sin²x/2 utoe −cos²x/2, unapata (sin²x + cos²x)/2 ambayo ni ½. Hizo mbili zinapishana kwa namba isiyobadilika tu, na namba isiyobadilika inamezwa na C. Ile ya tatu vilevile, ipo robo juu ya moja na robo chini ya nyingine. Watu wanadhani C ni mapambo ya kuweka mwisho ili TA, msahihishaji wa semina, asikate nusu maksi, kumbe ndo inayoruhusu majibu matatu yenye sura tofauti yawe sahihi yote.

@Mtu wa Kigamboni sikatazi, hata mimi nazitumia kukagua. Lakini kwenye chumba cha UE simu inabaki nje na begi lako. Na kukagua kwenyewe hakuhitaji simu, si umeona alichofanya huyu dogo, kalidifrenshieti jibu lake likarudi swali. Ukiwa na dakika kumi za mwisho fanya hivyo, ni maksi ambazo watu wanaziacha mezani wanakimbilia kupanga foleni ya chipsi.

Pembe Nne

Ngoja na mimi niweke nondo moja wale wa 22/7 mnisikilize. Tangu darasa la saba tunaambiwa chukua π kuwa 22/7, wengine mpaka leo wanaamini ni sawasawa. Sasa sovu hii kutoka 0 hadi 1:

∫ x⁴(1−x)⁴/(1+x²) dx

Fungua juu, gawanya kwa njia ndefu (ile ambayo mzee anasema mnaikimbia), unapata x⁶ − 4x⁵ + 5x⁴ − 4x² + 4 na baki −4/(1+x²). Integreti kila kipande: 1/7 − 2/3 + 1 − 4/3 + 4, na ile ya mwisho ni 4 arctan 1 ambayo ni π. Jumlisha, 22/7 − π.

Sasa tazama kilichotokea. Kati ya 0 na 1 ile fankisheni haijawahi kuwa hasi, juu kumezidishwa vitu chanya chini kuna kitu chanya, kwa hiyo eneo lake ni chanya. Maana yake 22/7 ni KUBWA kuliko π, umethibitisha kwa mkono bila kalkuleta. Wamarekani waliwahi kuiweka kwenye mashindano yao ya Putnam mwaka 1968. Mimi nilivyoiona mara ya kwanza nilikaa nayo jioni nzima.

Kipanga Mstaafu

@Pembe Nne aisee. Hii mbona hatukupewa kipindi chetu?? Ningelipenda somo.

Msoma Kale

Nyongeza kidogo, maana watu wanaona kama hivi vitu Newton na Leibniz waliviokota tu. Archimedes kabla ya Kristo alishapata eneo lililofungwa na parabola, ni 4/3 ya pembetatu iliyomo ndani. Ibn al-Haytham, mtu wa Basra aliyehamia Cairo, miaka kama elfu iliyopita alijumlisha namba zilizopandishwa kipeo cha nne ili apate volyumu ya parabola iliyozungushwa, hiyo leo ni swali la UE kabisa. Kepler akaja na mapipa ya mvinyo, hakuamini wauza mvinyo wanavyopima kwa kuzamisha fimbo, akaandika kitabu kizima mwaka 1615, Fundi wa Sheli huyo ni ndugu yako. Leibniz ile alama ∫ aliiandika kwenye makaratasi yake Oktoba 1675, ni S iliyovutwa, ya kujumlisha. Na ile definisheni inayowatoa jasho ya kukata vipande ni ya Riemann, 1854. Kwa hiyo karne nyingi watu walikuwa wanapata majibu sahihi kabla hawajakubaliana ni kwa nini yako sahihi.

Boda Digrii

Haya nimenyoosha mikono, ya tenki imenigusa. Ila bado nasema wangetuambia hayo ya sheli siku ya kwanza badala ya kuanza na epsiloni na delta watu wamekodoa macho.

Mzee wa Limiti

@Boda Digrii hapo umenipiga na sina cha kujibu.

Sapu Haikwepeki

Swali la mwisho wakuu niwaache. Integrali ya 1/x kutoka 1 hadi infiniti wanasema haina jibu, ya 1/x² jibu ni 1. Mbona zote zinashuka kwenda sifuri? Mimi kwa macho naona zinafanana.

Mzee wa Limiti

Kushuka kwenda sifuri hakutoshi, inategemea inashuka haraka kiasi gani. Usiingize infiniti moja kwa moja, weka b alafu uisukume. Ya 1/x² inakupa 1 − 1/b, b ikiwa milioni umeshafika 0.999999, haitazidi 1 hata ufanye nini. Ya 1/x inakupa ln b, b ikiwa milioni ni 13.8, ikiwa bilioni ni 20.7, inapanda polepole inakera lakini haisimami, taja namba yoyote nitakupa b ya kuivuka.

Sasa zungusha huo mkunjo wa 1/x kwenye mhimili wa x kuanzia 1, unapata kitu kama tarumbeta refu lisiloisha. Volyumu yake ni π∫ dx/x², yaani π tu. Eneo la ngozi yake halina mwisho, maana linazidi 2π∫ dx/x. Mwitaliano Torricelli alionyesha hilo la kitu kisichoisha kuwa na volyumu yenye kikomo miaka ya 1640 na wasomi wa wakati ule walibishana nalo vibaya.

Sapu Haikwepeki

Subiri kwanza. Kwa hiyo naweza kulijaza rangi ikatosha, ila kulipaka rangi hiyohiyo haitoshi? Na nikilijaza si nimeshalipaka kwa ndani??

Dada Sigma

😂😂😂 karibu chuo

Mzee wa Limiti

Unapolipaka umechukulia koti la rangi lina unene uleule kila mahali, hata kama ni mdogo sana. Ukilijaza, rangi inajibana, kule mbele tarumbeta limekuwa jembamba kuliko unene wa koti lolote utakalotaja, kwa hiyo koti lililoko ndani nalo linakonda hivyohivyo. Ukikubali koti likonde kadiri unavyoenda mbele, rangi yenye volyumu π inatosha kulipaka lote. Ukitaka unene usiobadilika haitoshi, na kwa ndani halingeingia kabisa.

Andika ∫ 2π(1/x)√(1 + 1/x⁴) dx, uonyeshe ni kubwa kuliko ∫ 2π/x dx bila kuisovu yote. Hiyo ilishakuja kwenye UE kwetu na watu walihangaika kutafuta integrali yake kamili mpaka muda ukaisha, wakati swali lilikuwa linauliza tu kama ina jibu au haina.